Alama za Maji Ukutani

Walikuwa wameshampigisha magoti mwenye bucha wakati Inspekta anateremka kwenye gari. Shati lake lilikuwa limebaki kola na mkono mmoja. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi likafumba, na mwanamume mmoja mwenye kandambili alikuwa amenyanyua tofali kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, anangoja tu mtu wa kumtia moyo.

"Liweke chini," Inspekta alisema.

Yule mwanamume akamtupia jicho, akaona mwanamke mwembamba aliyevaa koti la mvua, akarudi kwenye kazi yake. Inspekta hakurudia kusema. Alimpiga kwa rungu kwenye kiwiko. Mkono ukalegea, tofali likaanguka, likamkosa mwenye bucha likamkuta mwenyewe kwenye vidole vya mguu. Akapiga ukelele. Sajenti, mtu mnene asiyependa kukimbia, akapiga risasi moja hewani.

"Anayetaka ya pili nisiipige juu, asogee," akasema.

Hakuna aliyesogea. Damu ya mwenye bucha ilikuwa inadondokea kwenye tope, na tope hilo ndilo lililowatia wote wazimu. Juzi usiku mvua ilinyesha, mtaa mzima ukajaa maji, na mke wa fundi mwashi na mtoto wake mchanga wakafia chumbani mwao. Jana asubuhi wakazikwa. Leo alfajiri watu waliokwenda kutupa takataka wakaona buti la mpira limechomoza kwenye mtaro mkuu, kule chini kwenye kalvati, pale mtaro unapopita chini ya barabara. Walipolivuta, likatoka na mwenyewe. Alikuwa ofisa wa jiji aliyesimamia mitaro ya maji ya mvua katika kata ile. Kwa miaka yote watu walimwita Bwana Mitaro, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Nusu ya uso wake haikuwepo.

Maiti ilikuwa imeshapelekwa hospitali, na Inspekta alikuwa bado anakagua kingo za mtaro aliposikia kelele za huku juu, akajua wakazi wameamua kumsaidia upelelezi.

"Nani kawaambia ni huyu?" akauliza.

Watu wakapisha. Mbele akasimama mwanamume mrefu mwenye mabega ya mtu wa kubeba zege, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa ndiye fundi mwashi, mfiwa. Hakuwa na jiwe wala fimbo mkononi, na alizungumza taratibu.

"Alisema mwenyewe mbele za watu, afande. Bwana Mitaro alimpeleka mahakamani kwa kutupa matumbo mtaroni. Huyu akasema atamchinja kama mbuzi. Muulize."

"Na wewe ndiye uliyewakumbusha watu maneno hayo?"

"Mimi nimezika jana," fundi akajibu. "Mtaro umejaa matumbo na uchafu, jiji halizoi, mke wangu amekufa, mwanangu amekufa. Ulitaka nikumbuke nini kingine?"

Umati ukaunguruma. Inspekta akamshika mwenye bucha kwapani, akamwinua, akamwingiza ndani ya duka lake mwenyewe. Sajenti akafunga mlango na kuuegemea kwa mwili wote. Mara mawe yakaanza kugonga bati.

Walikaa chumba cha nyuma, kati ya jokofu na gogo la kukatia. Mwenye bucha alijifuta uso kwa aproni, damu yake ikachanganyika na ile ya kazini.

"Ulisema utamchinja?"

"Nilisema. Nani hajawahi kusema atamchinja mtu? Mimi nikisema tu ndiyo inaonekana nina vifaa."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nilikuwa natoa tope dukani. Mtaa mzima ulikuwa unatoa tope. Godoro, kapeti, makochi, kila kitu kilioza. Tulikuwa tunatupa kule chini karibu na kalvati, maana jiji lilisema litaleta lori."

"Bwana Mitaro ulimwona?"

"Nilimwona anapita baada ya mazishi, na chuma chake mkononi. Akanisalimia hata. Nikamwambia apite kimya, watu wana hasira. Akasema, 'Najua, lakini lazima nione mwenyewe.' Akapanda juu huko. Sikumwona anarudi."

Jiwe likavunja kioo cha mbele. Sajenti akatukana kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Nani mwingine alimwona?"

"Sijui, afande. Wallahi sijui. Baada ya hapo nilikuwa na yule." Akaashiria mlango kwa kidevu kilichopasuka. "Fundi. Nilimsaidia kusukuma toroli. Alikuwa anakwenda kutupa lile godoro walilofia mkewe na mtoto. Peke yake! Hakuna hata ndugu wa kumshika mkono. Godoro lililonywa maji ni zito, gurudumu likazama kwenye tope, nikamsukumia mpaka kule chini. Na leo ananifanyia hivi."

Inspekta hakuandika kitu. Alimtazama mtu yule akijipapasa meno kwa ulimi, anayahesabu.

"Mlilitupa pamoja?"

"Hapana. Alinikatalia. Akasema nisiliguse, atalishusha mwenyewe. Nikamwacha. Mtu ana uchungu wake, utamlazimisha?"

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa daktari wa hospitali ya wilaya, aliyekuwa ameipokea maiti asubuhi ile. Hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Hakuzama. Mapafuni hamna maji wala tope. Alikufa akiwa nchi kavu, na alikufa kwa kupigwa. Pigo la kwanza ni la nyuma ya sikio. Mengine yote yalikuja akiwa ameshalala."

"Panga? Shoka?"

"Hakuna pa kukatwa hata padogo. Kitu kizito, chenye uso bapa wenye pembe nne. Na ndani ya kidonda kuna saruji."

"Vumbi la saruji?"

"Vipande vya saruji iliyokauka, kama iliyobanduka kwenye kitu hicho alipokuwa akipiga."

Inspekta akakata simu, akayatazama yale makali yote yaliyoning'inia ukutani: visu, shoka la mifupa, msumeno. Hakikuwepo kimoja chenye uso bapa.

"Utoke mlango wa nyuma," akamwambia mwenye bucha. "Askari wangu mmoja yuko huko, atakupeleka hospitali. Ukiulizwa, umekamatwa."

"Nimekamatwa?"

"Umeokolewa. Ila wakisikia hivyo watakufuata."

Umati uliposikia mwenye bucha amekamatwa, mawe yakakoma. Kule chini kwenye kalvati alikuwepo msaidizi wa Bwana Mitaro, mwanamke wa makamo aliyevaa kizibao cha njano, ameketi juu ya ukingo wa mtaro akilia bila kuficha. Inspekta akaketi naye, miguu ikining'inia pale maiti ilipotolewa.

"Watu wanasema hamkuzoa," akamwambia. "Wanasema ndiyo maana mtaa ukajaa."

Mwanamke akageuka, machozi yakageuka hasira papo hapo. "Huu mtaro mkuu ni wa jiji, na tuliuzoa wiki iliyopita. Nilikuwemo humu mwenyewe, tope hadi hapa. Mitaro midogo inayopita kwenye viwanja vya watu si yetu. Sheria inasema mwenye kiwanja asafishe kilicho kwake, asizibe, asijenge juu yake. Lakini maji yakijaa nani anatafutwa? Mtu wa jiji. Ona walivyomfanya."

"Alikwenda kuangalia nini jana?"

"Hakuniambia. Alikuwa hajalala tangu ile habari ya mama na mtoto. Alichukua tu chuma chake."

"Chuma gani?"

"Chake cha kupimia kina. Kirefu, kina ndoano mbele, amekipaka michirizi nyekundu na nyeupe. Hakukiacha hata akienda kunywa chai. Hakijaonekana?"

Hakikuonekana. Inspekta alikuwa ametazama kingo zote mbili. Sasa akatazama ukuta wa mtaro wenyewe. Maji ya mafuriko yalikuwa yameacha alama, mstari wa tope la kahawia uliokauka kwenye zege. Alishuka, akaufuata kwa kidole. Mstari ulikuwa chini ya katikati ya ukuta. Usiku ule watu walipokuwa wakipanda juu ya mapaa, mtaro mkuu haukuwa umejaa hata nusu.

Kwa hiyo maji hayakufika huku. Kuna mahali yalizuiwa.

"Twende," akamwambia Sajenti.

"Wapi?"

"Kusoma kuta."

Walipanda mtaa kwa miguu, nyumba moja baada ya nyingine. Umati ulikuwa umetawanyika makundi makundi, unawafuata kwa macho. Kwenye nyumba za chini, karibu na kalvati, alama ya maji ilikuwa usawa wa kifundo cha mguu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo akawaambia kuwa kwake maji yalilowesha mkeka tu. Nyumba iliyofuata, kifundo. Iliyofuata tena, kifundo. Sajenti akaanza kuhema.

"Afande, tunatafuta nini hasa? Mtaa ulijaa, kila mtu anajua."

"Mtaa ulijaa wapi?"

Walikuwa wamefika nyumba ya fundi mwashi. Upande wa chini wa nyumba ile, alama ilikuwa kwenye kifundo. Wakazunguka hadi upande wa juu. Alama ilikuwa juu ya dirisha. Na kutoka hapo kwenda juu, kila nyumba ilikuwa na mstari huohuo, kwenye kifua cha mtu mzima, kisha kiunoni kadiri mtaa ulivyopanda, umenyooka kama uliopigwa kwa uzi.

"Mama yangu," Sajenti akasema kwa sauti ndogo.

Mtaro mdogo ulishuka kutoka nyumba za juu, ukaingia chini ya chumba cha nyuma cha fundi. Chumba kilikuwa kipya, matofali yake bado hayajapigwa lipu. Nyuma ya ukuta huo maji meusi yalikuwa bado yamesimama, yamejaa majani na chupa, hayana pa kwenda.

Mbele ya nyumba viti vya msiba vilikuwa vitupu, waombolezaji wamekwenda kumpiga mwenye bucha. Alibaki bibi mmoja, mama mzazi wa marehemu, ameketi kwenye mkeka na mtandio mweusi kichwani. Inspekta alivua viatu.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa, maana machozi yamekwisha." Alikuwa na sauti ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha. "Mmemkamata aliyemuua yule baba wa mitaro?"

"Ulimfahamu?"

"Alikuwa anakuja hapa tangu chumba kinajengwa. Mtu mpole. Akija, binti yangu anampa maji ya kunywa, wanaongea na mkwe wangu kule nyuma, anaondoka. Na jana alikuja."

Inspekta hakubadilisha sauti. "Jana saa za mchana?"

"Baada ya mazishi. Alinipa mkono wa pole, akalia kama mtoto. Akaingia nyuma kwa mkwe wangu. Mimi nikapitiwa na usingizi hapahapa. Nilipoamka hayupo."

"Naomba nione hicho chumba, mama."

Bibi akainuka mwenyewe kuwaonyesha. Walipita ukumbini, wakatokea uani. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Mlango wake ulifungukia nje, uani, na bawaba zilikuwa zimepinda. Ukutani alama ya maji ilikuwa karibu na dari. Chini ya alama hiyo kulikuwa na mikwaruzo, mingi, ya kucha, na Sajenti, aliyekuwa na binti wa umri wa marehemu, akageuza uso.

Inspekta aliitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji iliyozeeka kidogo, yenye nyufa, isipokuwa katikati. Hapo palikuwa na kiraka cha ukubwa wa sinia, kibichi bado, cha kijivu cha giza. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaacha alama.

"Mama, nani amepiga sakafu hii?"

"Mkwe wangu. Jana. Alisema pamebomoka kwa maji." Bibi akasita. "Nilishangaa kidogo. Lakini mtu akiwa na msiba mikono hutafuta kazi."

Inspekta akatoka uani. Vifaa vya fundi viliegemezwa ukutani: mwiko, pimamaji, toroli lililooshwa hadi likang'aa kuliko sufuria. Kando yake kulikuwa na rundo la nondo zilizoota kutu. Akazipangua moja moja. Ya chini kabisa haikuwa na kutu. Ilikuwa na ndoano mbele na michirizi nyekundu na nyeupe.

"Hiyo niliiokota," sauti ikasema nyuma yake.

Fundi alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba. Hakuna mtu aliyemsikia akija.

"Wapi?"

"Mtaroni. Leo asubuhi."

"Ukaificha chini ya nondo."

"Niliiweka. Mimi ni fundi, chuma nikikiona nakiweka."

"Jana ulimwambia nani kwamba Bwana Mitaro alikuwa hapa?"

"Hakuwa hapa."

Mama mkwe alikuwa ametokea mlangoni. Akamtazama mkwewe. "Alikuwepo, baba," akasema polepole. "Alinipa mkono."

Fundi akamgeukia. "Mama umechoka. Ingia ndani upumzike."

"Nataka kuvunja kile kiraka," Inspekta akasema.

"Hamvunji kitu. Mke wangu kafia mle."

"Ndiyo maana nauliza, fundi. Nani anapiga sakafu siku anayomzika mkewe?"

Fundi akatikisa kichwa, kama mtu aliyechoshwa na watoto. "Sawa. Mnataka kuvunja? Nitavunja mwenyewe. Nilijenga mwenyewe." Akainama nyuma ya toroli, akainuka na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, ya mpini mrefu. Uso wake ulikuwa bapa, wa pembe nne, na saruji imeganda pembeni.

Sajenti ndiye aliyekuwa karibu. Akanyoosha mkono kuipokea, kwa upole kabisa, kama anayepokea mzigo wa mgeni. Nyundo ikaja kwa ubavu. Mfupa wa mkono ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu, bastola ikachomoka kiunoni ikarukia topeni, naye akaanguka bila hata kulia. Fundi akainua tena, juu, kummaliza.

Inspekta akamchoma kwa chuma cha Bwana Mitaro kwenye mbavu. Fundi aligeuka. Nyundo ikapita mbele ya uso wa Inspekta, ikabomoa tofali nyuma yake, vipande vikampasua shavu na kumlegeza jino. Alirudi nyuma, kisigino kikateleza kwenye tope, akaanguka chali. Nyundo ikashuka. Alijiviringisha, ikazama pale kilipokuwa kichwa chake. Kabla fundi hajaing'oa, Inspekta akampiga teke la goti, lakini goti lile lilikuwa kama nguzo. Mkono wa fundi ukamshika koo, ukamkandamiza topeni, na juu yake akauona ule uso, haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Nyamaza," fundi alikuwa akisema. "Nyamaza. Nyamaza."

Inspekta hakuwa amesema neno. Macho yakaanza kumjaa giza. Mkono wake ukapapasa, ukakipata chuma, akakipeleka nyuma ya kifundo cha yule mtu na kuvuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Ndoano ikaingia kwenye mshipa wa kisigino. Fundi akalia mara ya kwanza. Alipolegea, Inspekta akampiga kwa kipaji cha uso puani, akahisi pua ikibonyea, akampiga tena, akampindua, akampandia mgongoni na kumfunga pingu huku mdomo wake mwenyewe ukitema damu. Jino lake moja lilibaki topeni.

Sajenti akatambaa, akaiokota bastola topeni kwa mkono mzima.

Alimburuta hadi chumba cha nyuma, akamketisha ukutani chini ya ile mikwaruzo. Sajenti, mkono ameupakata kama mtoto, akaketi mlangoni na bastola kwenye mkono mzima. Bibi alisimama nyuma yake. Hakuna aliyemwambia aondoke.

"Alikuja kukuambia nini?" Inspekta akauliza.

Fundi alikuwa anapumua kwa mdomo. "Alitoboa sakafu kwa hicho chuma chake. Akachungulia. Kisha akakaa chini, palepale ulipo. Akalia. Akasema, 'Fundi, tumewaua sisi wawili. Wewe uliziba, mimi nilinyamaza.'"

"Alinyamaza vipi?"

"Sheria ilikuwa inamtaka abomoe chumba tangu mwanzo. Mke wangu alikuwa mjamzito. Akaniambia nitoboe njia pana ya maji, ataniacha. Akija, nasema kesho. Anakunywa maji, anaondoka." Akatema damu. "Jana anasema kesho analeta watu wavunje, na atasimama mbele ya mtaa aeleze kwa nini maji yalijaa. Nikamwambia nyamaza. Akasema watu lazima wajue, la sivyo wataendelea kujenga. Nikamwambia nyamaza, mama amelala hapo mbele. Akasema hata yeye ana haki ya kujua."

"Ukampiga. Ukamfunga ndani ya godoro, mwenye bucha akakusukumia toroli."

"Nilikuwa nje ya mlango huu usiku ule," fundi akasema, kama hakusikia. "Unafungukia nje. Maji yameukandamiza. Navuta, hauji. Namsikia. Kwanza wote wawili, halafu yeye peke yake. Ananiita kwa jina." Akafumba macho. "Yule mtu alitaka niambiwe mbele za watu kwamba maji yale niliyaweka mimi."

"Uliniambia uliweka bomba," sauti ya bibi ikasema.

Fundi hakuinua kichwa. "Niliweka, mama."

"Nene kiasi gani?"

Pingu zilimzuia kuonyesha. Akautazama mkono wake mwenyewe, pale chini ya kiwiko, akautazama kwa muda, na bibi naye akautazama. Akavuta mtandio wake, akaufunika mdomo wake wote, na nyuma ya kitambaa kile ikatoka sauti ambayo Inspekta hakutaka kuisikia tena maishani.

Kikosi cha jiji kilivunja sakafu mchana huohuo, msaidizi wa Bwana Mitaro akiwa mbele na sururu. Bomba lilikuwa limejaa tope gumu kama jiwe. Walipolitoa, maji ya nyuma ya ukuta yakaguna, yakaanza kwenda, kisha yakaenda kwa kishindo, na watu wa nyumba za juu wakatoka nje kuona nyua zao zikikauka mbele ya macho yao. Haikuhitaji mtu kuwaeleza. Habari ilishuka mtaa kwa kasi kuliko maji.

Inspekta alipomtoa fundi nje, walikuwa wameshajaa mlangoni. Walewale. Yule wa kandambili alikuwepo, mkono mmoja kautia kwenye kitambaa, mwingine umeshika jiwe. Jiwe la kwanza likampata fundi kwenye paji la uso, na hakujikinga. Alisimama tu, kainua uso, anangoja mengine. Gari lilikuwa hatua chache, lakini hatua zile hazikupitika. Sajenti alikuwa amebakiwa na mkono mmoja. Askari wawili waliokuja na gari walikuwa na marungu tu; Inspekta alikuwa na bastola moja na watu hawakuwa wakiitazama.

"Mtoeni! Tuachieni sisi!"

Bibi akatoka ndani. Alipita kati ya askari, akaja kusimama mbele ya mkwewe, karibu kabisa, na kelele zikapungua, kwa sababu kila mtu alitaka kuona atampiga na nini. Alimtazama. Akamfuta damu iliyokuwa ikimwingia jichoni, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza. Kisha akawageukia watu.

"Mkimuua leo mtakuwa mmemsaidia," akasema. "Hamwoni anavyowaomba? Mimi simpi hiyo. Ataishi. Atalala na kuamka, na kila mvua ikinyesha atakuwa hai anaisikia. Wekeni mawe chini, mnipishie mtu wangu apite."

Jiwe moja likaanguka. Likafuata jingine. Watu wakapisha, na Inspekta akampitisha fundi katikati yao, na sasa ndipo fundi alipoanza kulia, kwa sauti, akijivuta nyuma asiingie garini, hadi askari wawili wakamsukuma ndani.

Inspekta akaketi mbele, ulimi ukipapasa pengo la jino. Dereva akawasha gari. Watu walirudi kwao mmoja mmoja bila kutazamana usoni. Kabla gari halijafika kona, yule mwanamume wa kandambili alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, anaitazama baraza ya zege aliyoipitisha juu ya mtaro. Akatazama nyumba iliyo juu yake. Akaingia ndani, akatoka na sururu katika mkono wake mmoja mzima, na akaanza kuvunja.